Kilio cha Providence

Jumatatu, 12 Februari

Daftari hili nalificha ndani ya mfuko mtupu wa mchele, chini ya kitanda. Atakayelisoma bila ruhusa meno yamng'oke yote. Humu ndani naitwa Jolie. Nje ya humu naitwa Providence Riziki, miaka kumi na nane, mwanajimnastiki wa Kongo, medali ya shaba Kairo, medali ya shaba Windhoek.

Mimi nina miaka kumi na tano. Providence alikuwa dada yangu. Alikufa kwa surua kijijini kwetu Runingu akiwa na miaka minne, mimi bado nanyonya.

Niandike mara moja ilivyokuwa, nisirudie tena. Siku Mama aliponipeleka shule hapa Mulongwe, mkurugenzi alitaka karatasi. Sikuwa na karatasi. Sandukuni kwetu mlikuwa na karte moja tu, kadi ya ubatizo, ya Provi, Mama akaitoa. Mkurugenzi akanitazama juu hadi chini: "Miaka tisa, huyu?" Mama akamjibu bila kupepesa: "Njala ya vita njo ilimufupisha." Basi, nikawa Providence. Mwaka uliofuata Madame Geneviève akapita madarasani akitafuta watoto wafupi wenye miguu ya nguvu, akanikuta mimi. Karte ikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa paspoti.

Watu wa hapa wanamwita mama yangu Mama Provi. Wanadhani Provi ni mimi.

Kwenye mashindano ya wakubwa huruhusiwi kabla ya mwaka wa kutimiza kumi na sita. Mimi nilipanda jukwaa la Kairo nikiwa na kumi na tatu. Sasa tarehe 4 Mei tunaondoka kwenda Aljeri, mashindano ya Afrika. Watatu wa kwanza kwenye poutre, ule ubao mwembamba wa kurukia, watabakizwa kule kituoni miaka miwili: mazoezi, shule, chakula, kitanda. Nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu kingine.

Jumatatu, 19 Februari

Mvua. Salto kumi, za kupinduka hewani, kwenye poutre, nimeanguka mara mbili.

Jumanne, 20 Februari

Mvua. Tumekula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta.

Jumamosi, 2 Machi

Bujumbura. Tumekwenda kwa mazoezi, tumepanga foleni ya jeton, kibali cha kuvukia, pale mpakani saa mbili nzima, eti afisa anakunywa chai. Kule kwenye ukumbi wao wana mazulia mazito na poutre iliyovikwa ngozi. Sisi poutre yetu aliichonga Achille, fundi wa mitumbwi, mita tano, upana sentimita kumi, akaipiga randa siku tatu. Haina ngozi. Ukikosea inakuchuna ngozi yako. Kwa hiyo nikipanda ya Bujumbura nafurahi kupita kiasi, na Madame anapiga kelele: "Hapa hukuya kutembea! Rudilia!"

Nampenda Madame Geneviève. Ndiyo, nimeandika. Ana sauti ya mbuzi na anatupiga miguuni kwa fimbo ya muhogo, lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia kwamba nitafika mahali.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerefuka sentimita nne tangu Noeli. Ee Mungu, kwa nini sasa?

Madame hutupima kwenye mlango wa ukumbi kwa kalamu ya mkaa. Leo alichora mstari wangu, akautazama, akatazama ule wa zamani, akatazama miguu yangu. Nicole, mwenzangu wa klabu, alikuwa nyuma yangu akisubiri zamu. Nicole ndiye namba mbili: nikivunjika, yeye ndiye atakwenda Aljeri. Madame akamwambia Nicole aende kuchota maji. Kisha akaufuta mstari kwa kiganja chake.

"Muntu wa miaka kumi na munane haiote tena," akasema polepole.

Nikakunja magoti kidogo nionekane mfupi.

"Sikupimi tena. Nicole akiuliza, sema mulango umeshuka."

Akaenda zake kupanga mazulia. Anajua. Sijui tangu lini, ila anajua, na amechagua kunilinda. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kwa furaha. Madame wangu!

Jumatano, 27 Machi

Mvua siku ya nne. Ziwa limepanda, limefika ngazi ya kwanza ya ukumbi wetu ulio ufukweni.

Tantine Pétronille, dada yake Mama, amepiga simu kutoka Runingu. Mto umefurika usiku wa Jumapili, umemega shamba la babu upande wa chini, mihogo yote. Halafu akasema jambo jingine, na Mama akakaa chini juu ya ndoo, simu bado iko sikioni. Kaburi la Provi lilikuwa upande huo. Hakuna tena. Hata yale mawe manne yaliyokuwa pembeni yamechukuliwa.

Mama hakulia. Aliniambia niepue maharagwe.

Ijumaa, 29 Machi

Mama hali. Ni Ijumaa Kuu, nikadhani anafunga.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka imepita na bado hali. Jioni aliniita: "Provi." Nikaitika. Akasema, "Hapana, siyo weye." Akageukia ukuta.

Nilikasirika. Nikamwambia hivi, na ninaandika maneno yenyewe ili yanichome: "Mama, yule alikufa zamani. Minye njo niko hapa. Minye njo naanguka na kuinuka kila siku juu ya jina lake. Anataka nini tena?"

Mama akasema, "Hana kintu. Kaburi maji imebeba. Jina tulimunyanganya sisi. Mutoto amebaki na nini?"

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Nilimwona mama yangu ni mwanamke mjinga anayeng'ang'ania mifupa wakati binti aliye hai ana mwezi mmoja tu wa kujitayarisha. Ndivyo nilivyofikiri, sipunguzi neno.

Jumamosi, 6 Aprili

Maji yameingia ukumbini. Achille ameinua poutre kwa mawe. Tunaruka juu ya maji ya ziwa yenye taka na ndagala, samaki wadogo, wafu. Madame anasema ni vizuri, muntu akiogopa maji haanguki. Nimeanguka mara nne.

Jumatano, 10 Aprili

Mama ameanza kula. Ametoka mapema, amerudi ametulia, ameniosha nywele mwenyewe. Nilimuuliza alikuwa wapi. "Ku paroasi," akasema, yaani parokiani, na sikuuliza zaidi.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaandika yote.

Tangu jana nilikuwa Bujumbura na Madame, mazoezi ya mwisho ya huko. Nicole alibaki, kifundo cha mguu kimevimba, tena yeye huimba kwaya. Simu yangu na ya Madame zilizimika jana mchana, hakukuwa na umeme wa kuzichaji. Leo tulivuka mpaka saa nane, mvua inanyesha, Madame akashuka kwake Kavimvira, mimi nikapanda pikipiki hadi kwetu.

Kwenye kona ya avenue yetu niliona viti vya plastiki. Niliona bâche, turubai la bluu, imefungwa kutoka paa letu hadi kwenye mpapai wa jirani. Wanaume wamekaa chini yake. Ndani, kilio cha wanawake. Nikajua Mama amekufa. Nilimtupia mwenye pikipiki pesa bila kuhesabu, nikakimbia.

Mwanaume wa kwanza aliyeniona alisimama, kiti kikaanguka. Wa pili akapiga ishara ya msalaba. Nikapita katikati yao nikipiga kelele "Mama! Mama!" Mlangoni kulikuwa na Nicole amejifunga kitambaa kichwani, macho yamevimba, anaimba huku analia: "Yoo, Provi wetu, yoo, uliruka ukaenda wapi..." Akaniona. Wimbo ukamkatikia kooni. Akaanguka chini, kweli kabisa, akaanguka.

Wanawake wakatoka kwa madirisha. Siyo mzaha, mama mmoja mnene alitoka kwa dirisha na sufuria mkononi. Nje watu wakapiga kelele "Amefufuka! Amefufuka!" na simu kumi zikainuliwa juu, zinanipiga picha.

Na Mama yangu alikuwa katikati ya chumba, juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, nywele wazi, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alinitazama. Hakushtuka. Hakuacha kulia.

Nilielewa polepole, kwa vipande. Jumatano alikwenda kuandikisha nia ya misa. Leo, kabla ya misa ya kwanza, msomaji alisoma nia zote kwenye kipaza sauti, na mojawapo ilikuwa hii: kwa roho ya marehemu Providence Riziki, binti wa Mama Provi, wa avenue yetu. Nicole alisikia akiwa kwenye kwaya. Kila mtu alisikia. Mimi siko, simu hazipatikani, mvua, barabara ya Gatumba ninayorudia kutoka Bujumbura imejaa maji: wakaamini nimezama. Misa haijaisha, wanawake walikuwa wameshafika kwetu na mkaa na unga, wanamlilia mtoto aliyezama.

"Mama," nikasema, "juu ya nini hukubaambia?"

Mama akaacha kulia. Akapangusa pua kwa kitenge.

"Balikuya peke yabo," akasema. "Balitandika mukeka. Balianza kulia jina lake. Minye nilitaka kusema. Nilifungua kinywa. Kisha nikakumbuka." Akageuka akawatazama wale waliobaki, mmoja mmoja. "Siku Provi alikufa, vita ilikuwa inashuka. Tulimuzika asubuhi, muchana tukakimbia. Hatukutandika mukeka. Hakuna muntu alimulilia, hata siku moja. Sasa leo bantu makumi tano banamulilia kwa jina lake. Ningebanyamazisha namna gani? Nilibaacha balie."

Mzee mmoja mlangoni akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakiuliza: "Mama Provi, kama Provi alikufa zamani, huyu hapa ni nani?"

Nilimtazama Mama. Kwa macho yangu yote nilimwomba adanganye.

"Huyu ni Jolie," akasema. "Mudogo wake. Iko na miaka kumi na tano."

Jumatatu, 15 Aprili

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikuwa ndefu, miaka tisa, ilifika hadi Windhoek. Ila imefika mwisho.

Sikuongea na Mama. Aliweka bugali mbele yangu, nikausukuma.

Jumanne, 16 Aprili

Nilikwenda kwa Nicole, nikamwambia maneno mabaya barabarani mbele ya watu. Kwamba ni yeye amenichongea ili apate tikiti yangu. Alisimama kwa mguu mmoja, ule mwingine una bendeji.  Aliniwekea simu usoni.

Ni video. Mimi ninakimbia chini ya bâche ya bluu, kiti kinaanguka, "Amefufuka!" Halafu sauti ya Mama wazi kabisa: iko na miaka kumi na tano. Imeangaliwa mara elfu sitini. Kinshasa wameiona. Aljeri wameiona, pengine.

"Nilikulilia tangu saa moja mpaka saa tisa," Nicole akasema. "Sauti imekauka, sikia. Na weye unakuya kunitukana."

Sauti yake ilikuwa imekauka kweli. Nikaondoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Madame haniruhusu ukumbini.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Mjumbe wa Shirikisho la jimnastiki amefika kutoka Bukavu. Wametuketisha kwenye darasa la shule kwa sababu ukumbi umejaa maji: yeye na karatasi zake, Madame, Mama na mimi. Ni mtu mpole, alikuwa na mafua, anaomba radhi kila akipiga chafya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali.

Akamuuliza Madame: ulijua?

Niliutazama mkono wa Madame juu ya dawati, kiganja kile kilichofuta mkaa. Nilikuwa tayari kumtetea. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani: kwamba hakujua, kwamba sisi ndio tulimdanganya. Ningesema hivyo kwa moyo wangu wote.

Hakunipa nafasi. "Nilidanganywa," akasema. "Miaka munane ninamufundisha huyu mutoto, na mama yake ananitazama mu macho na kunidanganya. Huyu mama anauzisha batoto bake, wa uzima na wa kufa. Andikeni hivyo."

Mama akainua kichwa. Nilidhani atasema kuhusu mlango, kwa sababu nilimsimulia ule mstari siku ile ile, nikicheka. Alijua kila kitu. Neno moja tu, na Madame angeanguka pamoja nasi.

"Ni kweli," Mama akasema. "Madame hakujua kintu. Mutoto naye hakuwa na akili wakati ule. Ni minye peke yangu."

Mjumbe akaandika.

Tulipotoka nilimuuliza Mama kwa nini. Alikuwa anapandisha kitenge ili avuke dimbwi. Akasema Madame ana watoto ishirini wengine wa kufundisha, na yeye Mama hana kitu cha kupoteza kwa watu wa Bukavu. Kisha akasema nimshike mkono, kunateleza. Nikamshika. Ulikuwa mwepesi mno, mkono wa mtu ambaye hajala vizuri tangu Machi, na mimi nilikuwa sijauona.

Jumatatu, 29 Aprili

Barua imefika. Matokeo yote ya Providence Riziki yamefutwa. Marufuku miaka miwili. Medali zote mbili zirudishwe Kinshasa ndani ya siku thelathini.

Miaka miwili nitakuwa na kumi na saba. Nitakuwa nimerefuka mpaka wapi? Hakuna wa kunifundisha, hakuna ukumbi. Nimeisha. Nimelia hadi nikatapika, Mama akashika paji langu la uso.

Jumamosi, 4 Mei

Wameondoka. Nicole amevaa ile nguo ya mashindano iliyoshonwa kwa vipimo vyangu, inamkaba mabegani. Alipita kwetu asubuhi na begi lake, hakuingia, alisimama barabarani mpaka nikatoka. "Salto ya mwisho, unaangalia wapi?" akauliza. "Ncha ya poutre," nikamwambia, "usiangalie miguu." Akaenda.

Mchana nilikwenda ukumbini. Maji yanafika kiunoni. Achille alikuwa anatoa poutre. Imekunywa maji mwezi mzima, imepasuka katikati. Nikamuuliza kama inatengenezeka. "Ubao ikipasuka hivi haiko tena ya kurukia," akasema. "Nitapata humo makasia mawili."

Jumatatu, 6 Mei

Leo wanaanza Aljeri. Sisi tulikuwa kwenye ofisi ya hali ya raia, wanakoandika vizazi na vifo, ili niandikwe kwa jina langu.

Karani alisikiliza hadithi yetu hadi mwisho, ameshaiona kwenye simu. Akasema, "Nisikilizeni. Kusudi huyu aandikwe Jolie, kwanza Providence aandikwe kufa. Iko na cheti cha kifo?"

"Hapana," Mama akasema.

"Kaburi?"

"Maji imebeba."

"Sasa minye nitajua namna gani kama alikufa?"

Mama akafungua fundo la kitenge chake. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, risiti ya paroasi, ya nia ya misa. Tarehe, muhuri, na kwa mwandiko wa katekista: marehemu Providence Riziki. Karatasi ile ile iliyoniua. Karani akaigeuza, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akauangalia muhuri. Akaanza kunakili.

Kwa hiyo dunia nzima hii ina karatasi moja tu inayosema kwamba dada yangu alikufa, na Mama ndiye aliyekwenda kuitafuta.

"Providence alizaliwa lini?"

"Tarehe nne mwezi wa pili, elfu mbili na sita, siku ya Posho, jogoo wa kwanza," Mama akajibu bila kuvuta pumzi; Posho kwetu ni Jumamosi.

"Na huyu?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilimwona anatafuta. "Ilikuwa mvua," akasema. "Maharagwe ilikuwa inachanua. Elfu mbili na tisa. Siku... Baba yao alikuwa amekwenda ku machimbo, nilikuwa peke yangu. Siku siikumbuke. Jolie, mama, unisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo mbele ya mtu wa serikali. Karani akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, kama anavyowaandikia wote wasiojua.

Jumanne, 7 Mei

Nicole wa kumi na nne kwenye poutre. Hakuanguka. Ninatamani kusema nimefurahi, na nusu yake ni kweli.

Jumamosi, 11 Mei

Tumekwenda Runingu, Mama na mimi. Mvua zimekwisha. Mto umerudi chini, mwekundu, umekaa kimya utadhani haukufanya kitu. Tantine Pétronille alituonyesha mahali kwa kidole, na alichoonyesha ni hewa, maana ardhi yenyewe haipo.

Nilikuwa nimebeba medali kwenye mfuko wa plastiki. Mama alidhani naziweka tayari kwa kuzipeleka posta. Nilizitoa. Ile ya Kairo ina utepe wa kijani, ya Windhoek wa bluu, na nyuma ya zote mbili wamechora jina kwa mashine: Providence Riziki. Silo jina langu. Halijawahi kuwa langu.

Nilitupa ya Kairo kwanza, kisha ya Windhoek, katikati, pale maji yanapokwenda kwa kasi.

"Weye!" Tantine akapiga kelele. "Bantu ba Kinshasa si banazitaka?"

Mama akavua viatu. Alikaa chini ukingoni, akanyoosha miguu kama siku ile mkekani, nami nikakaa karibu yake. Tulikaa mpaka jua likahama.

Kesho nitawaandikia Shirikisho. Barua itakuwa fupi: medali za Providence Riziki sinazo, mwenyewe amezichukua. Nitatia sahihi Jolie.